Viatu vya Kushoto vya Yuster

Bilele, Bukoba
Jumatano, 10 Juni

Kaka yangu Kristofa,

Pokea salamu zangu nyingi, waitu, mtu wetu, nikitumaini zitakukuta mzima huko kisiwani, kile kikohozi cha baridi ya alfajiri kimekwisha, na jua la kiangazi hiki linakukaushia dagaa bila taabu. Ukiuliza habari zetu, mimi ni mzima. Bado nakaa chumba chetu kile kile na bado nafanya kazi steshenari kwa Bwana Isaac, nachapa na kutoa fotokopi. Mama hajambo, isipokuwa goti lake lile. Yuster naye hajambo, anakusalimu sana, na anasema ukija usisahau sangara wa moshi, tena umbebe mwenyewe, si kumpa mtu anayefika amebaki na kichwa tu.

Habari njema ni kwamba nimechaguliwa kidato cha tano, naripoti mwezi ujao. Mama alipopata habari alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani imeletwa posa. Akasema haya ni matunda yako, maana wewe ndiye uliyenitoa kijijini kwetu Kimwani nikiwa naogopa hata kuvuka barabara, ukaniweka hapa Bilele ukanisomesha miaka minne. Ni kweli wewe ndiye uliyenisomesha, na neno hilo nitalirudia mbele.

Barua hii nimempa Lukmani wa boti mkononi, pamoja na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Naomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Simu yako haipatikani, na hata ingepatikana nisingeweza kuyasema haya kwa mdomo. Unanijua. Mimi ndiye yule ambaye mwalimu akiita majina darasani naitikia kwa kuinua kidole. Watu hudhani mtu asiyesema hana kitu moyoni. Kumbe ana muda mwingi wa kupanga, na mimi nimekuwa nikipanga tangu Desemba.

Jumamosi ile ya Desemba unaijua, lakini naiandika tena ili uione nilivyoiona mimi, siyo ulivyoieleza wewe kikaoni. Yuster alikuwa ametoka mazoezi ya netiboli. Alikaa kwenye jiwe chini ya mteremko wetu kule Kimwani, karibu na daraja, akinisubiri nimletee maji. Mimi nilikuwa hatua kama hamsini nyuma yake nikiwa na dumu. Pikapu ya mzee Ta Rugemalira ikatokea juu imejaa magunia ya mahindi, na kilichonishangaza ni kwamba haikuwa na sauti. Gari lenye mzigo likiteremka hunguruma. Lile lilikuja kimya kama baiskeli. Niliona uso wa Rwekaza, mwanawe, nyuma ya kioo, mdomo wazi, mkono mmoja unahangaika na gia kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Kisha likaacha barabara.

Leseni ya Rwekaza ilikuwa na siku kumi na tisa. Miaka yake kumi na minane, sawa na yangu sasa. Hakukimbia, hilo nalikubali. Alikaa chini kwenye vumbi akawa analia na kusema breki zimekataa, breki zimekataa. Mguu wa kushoto wa dada yetu ulikatwa hospitali siku ya tatu, chini kidogo ya goti.

Wewe ulitoka Bukoba siku ile ile, na kwa kuwa baba hayupo, wewe ndiye uliyekuwa baba. Askari waliokuja kuandika maelezo uliwaambia familia haina madai. Wiki mbili hazijapita Ta Rugemalira akaja nyumbani na wazee wake, na ng'ombe wawili, na ahadi ya mguu wa bandia, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Kikapu kikazunguka. Ulichukua punje yako, ukaitafuna mbele ya wote, ukasema tumalize kindugu, kijana ni mdogo, ni ajali. Mama akalia akasema mwanangu ana moyo wa kusamehe. Kikapu kilipofika kwangu nilichukua punje nikaiweka mdomoni kama wengine, kwa sababu macho yote yalikuwa yananitazama. Lakini sikuitafuna, maana anayetafuna amekubali. Niliificha shavuni, nikatoka nje kama naenda kuangalia moto, nikaitema kwenye leso. Ninayo mpaka leo.

Nilikuchukia siku ile, kaka, ila kidogo tu, kama mtu anavyomchukia ndugu aliye mpole kupita kiasi. Chuki kubwa yote nilimpa Rwekaza. Uliponiambia kando kwamba yule kijana alisoma udereva chuoni kwenu lakini alikuwa mwanafunzi wa Mashimba, mwalimu mwenzako, siyo wako, nilikuamini. Rwekaza alikuita Mwalimu mara mbili mle kikaoni, na mara zote mbili ulitazama sakafu. Nilidhani ni aibu ya kuheshimiwa na mtu aliyekuumiza.

Januari ukaondoka kwenda kisiwani. Hukuaga hata chuoni. Sasa nikueleze nilichofanya, maana hakuna anayekijua hapa duniani isipokuwa mimi na Rwekaza.

Yuster alikuwa na jozi tano: viatu vyeusi vya shule, sendozi nyeupe za kanisani, buti za shambani, kandambili, na zile raba za netiboli. Mama alisema vya kushoto vitupwe, havina kazi tena. Nikasema niachie mimi. Mwisho wa Januari nilienda nyumbani, na Jumapili asubuhi kabla ya ibada nikapitia kwa Ta Rugemalira nikakitundika kiatu cheusi cha kushoto kwenye komeo la geti lao. Nilikifunga kamba kwa fundo mbili, nikaondoka bila kutazama nyuma. Mimi, ambaye nikiombwa kusoma somo kanisani najificha nyuma ya wengine.

Mwisho wa Februari nilipeleka sendozi nyeupe. Niliiweka kwenye benchi ambalo Rwekaza hukaa siku zote, upande wa wanaume, safu ya nne. Alikuja akaikuta. Niliketi nyuma nikatazama shingo yake ibada nzima. Hakuimba hata wimbo mmoja. Mwisho wa Machi nililitumbukiza buti la shambani ndani ya pikapu, upande wa usukani, pale zilipo pedali. Nilitaka akitaka kukanyaga breki akanyage kwanza kiatu cha Yuster.

Yuster mwenyewe alianza kuuliza. Nikamwambia labda ni panya. Akanitazama, akauliza panya wa Kimwani siku hizi nao wamebaki na mguu mmoja, mbona wanabeba vya kushoto tu. Alicheka sana kwa maneno yake mwenyewe mpaka gongo likamponyoka. Mimi nilicheka pia, huku moyoni nahesabu kwamba vimebaki viwili.

Habari zikanifikia kwamba Rwekaza amekataa kuendesha. Baba yake alimtukana mbele ya vibarua, akamwambia leseni amempatia ya nini, ya kuwekea alama kitabu cha nyimbo? Mama aliposikia kijana amekonda alimhurumia. Mimi nilikula chakula changu vizuri siku hiyo. Naandika ukweli, sitaki unione mwema.

Lakini haikunitosha. Lile neno lake, breki zimekataa, lilinikaa kooni. Nilitaka siku moja nisimame mbele ya watu nimwambie ni mwongo, pedali ilikuwa chini ya mguu wako. Na mtu hawezi kusema hivyo kama hajui kuendesha. Kwa hiyo mwanzoni mwa Aprili, nikiwa nimeshatimiza kumi na minane, nikaenda kwa Mashimba nikamwomba anifundishe. Alifurahi. Alisema dada wa Kristofa ni dada yake, akanipatia leseni ya kujifunzia, na akakataa ada. Nilimlipa kwa kumchapia karatasi zake za mitihani.

Unakijua kiwanja chenyewe, kaka, kule karibu na ziwa, tambarare kama meza. Vigingi bado ni vipande vya migomba vilivyochomekwa ardhini, na ukivigonga vinaanguka taratibu bila kukukwaruzia gari. Nilijifunza kuondoka, kusimama, kurudi nyuma katikati ya migomba, na kutaja alama za barabarani kwa mpangilio ule ule wa kwenye ukuta. Siku ya sita Mashimba akaniambia nimeiva. Nikamuuliza mlimani tunaenda lini. Akacheka akasema binti, mtihani hauna mlima. Unafundishwa kupita mtihani, kuendesha utajifunza mbele ya safari.

Katikati ya Aprili, mchana wa Jumatano, nilikuwa kwenye mashine nikamwona Rwekaza mlangoni. Ana mfuko wa plastiki mkononi. Bwana Isaac hakuwepo. Nilitaka kuingia chini ya meza. Aliuweka mfuko juu ya kaunta akasema ameniletea vitu vyangu. Vilikuwa viatu vyote vitatu. Buti limeoshwa. Sendozi imeshonwa ukanda uliokuwa umeachia. Kiatu cheusi kimepigwa kiwi mpaka kinang'aa.

Sikumtazama. Akasema alijua tangu cha kwanza kwamba ni mimi, maana Yuster angekuja kumtukana uso kwa uso. Akasema hakuja kuomba msamaha, ameuomba mpaka mdomo umechoka. Alikuja na swali moja. Je, kaka yako aliwahi kukupeleka mlimani?

Nikamwambia kaka yangu hakuwa mwalimu wako. Hapo ndipo alipotoa daftari. Daftari la kawaida la kurasa themanini, jalada limechakaa. Ukurasa wa kwanza ameandika Mwalimu Kristofa, na tarehe. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wake wa kidato cha nne, ameandika: kwenye mteremko toa gia weka fri, gari litajipeleka lenyewe, unaokoa mafuta. Chini yake kuna mstari mwekundu, na pembeni umeandika wewe "vizuri". Ile v yako yenye mkia naijua, kaka. Imo kwenye madaftari yangu yote.

Nilimfukuza. Nilimwambia watu wanaweza kuandika chochote kwenye daftari. Alichukua daftari lake akaondoka, viatu akaviacha.

Sasa hapa ndipo kazi yangu ya fotokopi iliponitesa. Kila kijana anayefuatilia leseni hapa mjini hupita kwenye mashine kama yangu, na Bwana Isaac hutunza kwenye kompyuta kila tulichoskani. Sikuwahi kuvitazama. Usiku ule nilikosa usingizi, na kesho yake nikavitafuta vyeti vya chuo chenu vya mwezi wa Novemba. Nikavikuta kumi na kimoja. Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, has attended and passed, yaani amehudhuria na kufaulu, wiki tano, na sahihi ni yako. Cha Rwekaza ni cha saba. Tarehe ya kumaliza mafunzo ni sawa na tarehe iliyo juu ya daftari lake, ile aliyoanza. Nimefundishwa Kiingereza miaka minne kwa jasho lako, Kristofa, na nilielewa kila neno kwenye cheti kile, na hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Niliandika majina yote kumi na moja. Sikuwa na ujasiri wa kuwapigia, kwa hiyo niliwatumia ujumbe, nikajifanya nafanya utafiti wa shule. Wanne wamepata ajali kabla leseni hazijamaliza miezi mitatu. Mmoja aliingia kwenye kibanja cha watu akalaza migomba mistari miwili, mmoja aligonga nyuma ya lori, mmoja alipinduka na kuvunjika bega, na wa nne ni Rwekaza. Wote wanne walikuwa wanateremka. Nikamuuliza na Avit, yule mtoto wa jirani yetu Kimwani aliyekuwa utingo wa mjomba wake miaka mitatu kabla ya kushika usukani. Hajawahi kukanyaga chuo chochote mpaka alipokwenda kufuata karatasi. Akasema mjomba wake alimkataza fri kwa kofi. Akasema tena neno ambalo sijalisahau, kwamba wale wa chuoni ni hatari kuliko asiyejua kabisa, maana asiyejua anaogopa.

Bado nilitafuta mlango wa kukutetea. Nikasema moyoni, labda fri haina kosa, labda ni uzembe wake tu. Kwa hiyo mwezi uliopita, Mashimba alipokuwa anapeleka fomu Muleba, nilimwomba niendeshe mimi. Barabara ikatulia, tukaongea habari za senene na za Simba na Yanga. Tulipofika kwenye ule mteremko mrefu kabla ya kuingia Muleba akaniambia, kama mtu anayeniambia nipandishe kioo, toa gia binti, weka fri, hayo ni mafuta ya bosi. Nikatoa.

Kaka, ule ukimya nilikuwa nimeshausikia. Ni ule wa pikapu. Gari likawa jepesi, likaanza kujikimbiza lenyewe. Nikakanyaga breki, likapunguza. Likaongeza tena, nikakanyaga tena, na kila nikikanyaga pedali inashuka chini zaidi, laini kama kukanyaga tope. Harufu ya kuungua ikaingia. Nikajaribu kurudisha gia, ikakwaruza ikakataa. Mkono wangu ukawa unahangaika pale pale, na nilijiona kwa nje, mdomo wazi, nyuma ya kioo. Ni uso wa Rwekaza niliokuwa nimeuvaa. Mashimba akavuta handibreki, akaunyakua usukani akatupeleka kwenye majani ya ukingoni, tukasimama tumeegemea kichuguu. Chini yetu kulikuwa na wanafunzi wanatoka shule.

Mashimba alicheka, ingawa midomo ilikuwa inamcheza. Akasema ningezoea, wote huzoea. Nikamuuliza fri hii ilianzishwa na nani chuoni. Akanishangaa. Akasema si kaka yako, sisi tulikuwa tunamwita Mzee wa Fri, bosi alikuwa anatoa mafuta ya wiki tano kwa kila mwanafunzi, na Kristofa akawa anawamaliza kwa siku sita kiwanjani, na barabarani anawashusha na fri. Kilichobaki kwenye tangi anakijua yeye. Alisema kwa kukusifu.

Kilichobaki kwenye tangi nakijua hata mimi.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika. Kila Jumamosi kwa miaka ile yote ulirudi na dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, na ndani yake petroli. Uliniambia ni zawadi ya chuo kwa walimu. Mimi ndiye niliyekuwa nalifunika kwa khanga nikalipeleka kijiweni kwa bodaboda, nikawauzia, nikarudi na hela ya daftari, ya sare, ya mitihani ya majaribio. Walikuwa wananitania, wananiita Shell, na ile ilikuwa aibu pekee niliyoijua kwenye biashara ile. Nikiwa kidato cha tatu nilishaanza kujiuliza ni chuo gani kinawapa walimu petroli kila wiki. Nilijiuliza mara moja tu, kisha nikaacha, kwa sababu jibu lingenirudisha Kimwani. Mlima ambao Rwekaza hakupelekwa, mimi niliusomea. Zile raba za Yuster ulizinunua wikendi ile niliyouza madumu mawili. Nakumbuka kwa sababu nilichagua rangi mimi.

Hiyo ndiyo siri yangu, na sikuitoa ili tulingane. Hatulingani. Mimi sikujua, halafu nikakataa kujua. Wewe ulijua, na ukakaa kikaoni ukatafuna kahawa ya watu wakati mwanafunzi wako analia mbele yako, ukamwachia abebe peke yake ulichomfundisha. Hukusamehe, Kristofa. Uliharakisha. Uliogopa kesi ikienda mbele askari ataomba kuona cheti. Mama amekuwa anawasimulia watu kanisani juu ya moyo wako wa kusamehe, na kila akisimulia nauma ulimi.

Miezi mitatu nilimtesa mtoto wa watu kwa viatu. Simwombi radhi kwa yote, mguu wa dada yangu ulikuwa chini ya gari lake na yeye mwenyewe hajidai kuwa hana kosa. Lakini wiki iliyopita nilimwandikia, naye akajibu kwamba yuko tayari. Jumatatu, tarehe 15, mimi na yeye tutakwenda kwa mkuu wa trafiki na daftari lake, na vyeti kumi na kimoja, na majina ya wale wengine watatu. Nimekuwa nikijifunza kuyasema haya mbele ya kioo, kwa sauti, kila nikiamka. Sauti yangu bado inakwama kwenye jina lako. Mpaka Jumatatu haitakwama. Na juu ya madumu nitasema pia, kwa mdomo wangu, hata kama nafasi ya kidato cha tano itaishia hapo.

Kabla ya hapo, Jumapili, nitakuwa Kimwani. Baada ya ibada nitawaeleza Mama na Yuster. Nimekuhesabia siku. Lukmani atakufikishia barua hii Alhamisi, na Ijumaa anarudi na boti tupu, nimeshamwambia akuachie nafasi. Ukija, utasema wewe kwanza, mimi nitakaa kimya kama kawaida yangu. Usipokuja, nitasema mimi, na nitaanza na neno "vizuri" uliloliandika pembeni mwa ukurasa. Usinitumie hela. Usinitumie pole. Usimtume mzee yeyote na kikapu.

Nakuachia hapo. Mama anakuombea kila jioni, hajui anachokiombea. Yuster amerudi mazoezini, hachezi, amekuwa refa, na wasichana wanalalamika kwamba tangu apate magongo anayatumia kuwaonyesha kosa kwa karibu mno. Mguu wa bandia bado ni ahadi. Wasalimie wote unaokaa nao kambini.

Sasa fungua kifurushi. Ni raba ya kushoto, ile ya siku ile. Hospitali walitukabidhi ikiwa ndani ya mfuko, na nimeifua mara tatu, lakini kwenye kisigino damu imegoma kutoka. Hii ni yako. Ile kandambili nimebaki nayo mimi, iko chini kando ya kitanda changu mahali ambapo mguu hukanyaga kwanza ninapoamka. Ndani ya raba, kwenye ncha, utakuta leso imefungwa. Ni punje yangu ya kahawa. Siku utakayosimama mbele ya Yuster na kumwambia mwenyewe, mpe yeye punje hiyo, na kama yeye atanipa niitafune, nitaitafuna.

Mimi mdogo wako uliyenisomesha,
Serafina